MAONI YA KAPITA: MUTU ANAYEWEKA NENO ASEME MAANA YAKE



Kapita akiandika mu gazeti hili, wengi wanawaza ni mambo ya usafi, ya kuteka maji, ao ya wale wanaochelewa ku etide. Leo siyo vile. Leo ninaandika juu ya mchezo wa maneno ya Kiingereza, ule tunaoucheza siku ya posho magaribi mu nyumba ya kula, na juu ya kosa nililolifanya pale mbele ya watu wote. Kwa kuwa nilikosa mbele ya wote, niungame pia mbele ya wote. Lakini sitaki kuungama tu na kunyamaza. Niko na wazo, na ninaomba mulipime.

Kwanza niwaelezee wale wasiocheza. Mchezo unaitwa Scrabble. Hatuna ule wa kununua ku magazini. Tulikata kartoni za sabuni, tukatosha vipande 100: vipande 98 vyenye herufi, na 2 bila kitu, ambavyo mutu anavigeuza herufi anayotaka. Kila muchezaji anakamata vipande 7 bila kuangalia, halafu anatafuta neno ndani yavyo, na neno lile lishikane na maneno yaliyo tayari ku meza. Kila herufi iko na bei. A, E, I, O, bei yao ni 1. K ni 5. J na X ni 8. Q na Z ni 10.

Bei hizi hazikutoka mu ndoto. Mutu aliyetengeneza mchezo ni Mumarekani, Alfred Butts. Alikuwa fundi wa kuchora mipango ya manyumba, akapoteza kazi yake mu 1931, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka. Akakaa na magazeti, akahesabu herufi moja moja ili ajue ni ipi inayorudi mara mingi. E ilipita zote, ndiyo maana E ziko 12 mu mchezo, na Q iko moja tu. Kitu kinachopatikana kila fasi, bei yake ni ndogo. Kitu cha shida, bei yake inapanda. Ni sawa vile ku soko yetu.

Sasa kosa langu.

Siku ile ya posho, ekipe yetu ya finalisti ilikuwa inapigana na ekipe ya kalasi ya pili. Zawadi ilikuwa kaye sita. Mimi sikucheza, nilikuwa muamuzi, kwa kuwa mimi ni kapita. Mudogo wetu mumoja, musichana wa kalasi ya pili, akaweka herufi nne: Q, A, D, I.

Nikacheka. Wenzangu wakubwa pia wakacheka. Nikamwambia:

- Mudogo, Kiingereza haijui Q bila U nyuma yake. Ondoa.

Akajibu polepole:

- Yaya kapita, hii neno iko. Niliisomaka mu diksionere.

- Diksionere gani?

- Ile kubwa ya bibliotheke.

Bibliotheke ilikuwa imefungwa saa ile. Kutuma mutu kwa mwalimu kuomba ufunguo ingekamata dakika tano. Sikutuma. Nikasema: ondoa, na zamu yako imepita. Akaondoa vipande vyake, hakusema neno tena.

Kisha muda kidogo, rafiki yangu wa kalasi yetu akaweka ZAX. Bei yake 19. Wadogo wakauliza: ni nini hiyo? Rafiki yangu akasema: ni neno la Kiingereza. Ni lile jibu tu aliloweza kutoa. Mimi nikaandika 19, bila kuuliza zaidi.

Mambo ninayotaka kuungama ni haya. Nilijua neno lile limetoka wapi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamwona anashika telefone yake chini ya meza. Munajua kama telefone zimekatazwa mu internati, na mimi ndiye ninayelinda sheria ile. Mu telefone ile muko programu: unaandika herufi zako saba, na yenyewe inakutolea maneno yote yanayoweza kutoka ndani yazo, hata yale usiyoyasikia tangu kuzaliwa kwako. Niliona, nikanyamaza, juu ni rafiki na ni ekipe ya kalasi yangu.

Wadogo walishindwa kwa pointi 9. QADI ingewapa pointi 14. Hesabu mufanye wenyewe.

Usiku sikulala vizuri. Siku ya kwanza, mbele ya masomo, nikaenda ku bibliotheke, nikafungua ile diksionere kubwa. QADI iko. Maana yake: muamuzi wa Waislamu, anayekata maneno kufwatana na sheria yao. Nikatafuta pia ZAX. Iko vilevile: ni chombo kama shoka ndogo cha kukatia mawe membamba ya kufunika nyumba. Basi maneno yote mawili yalikuwa ya kweli. Lakini musichana alijua neno lake, na rafiki yangu hakujua lake. Na mimi nilimukatalia yule aliyejua, nikamupokea yule asiyejua.

Tena, nilipata haya nyingine. Nilisema hakuna Q bila U nyuma yake. Na mimi ninaandika CINQ na COQ kwa Kifaransa tangu masomo ya musingi! Pale hakuna U nyuma ya Q. Macho yangu yaliona kila siku, lakini kinywa changu kilisema sheria nisiyoipima.

Nikamwita mudogo yule, nikamuomba samahani mbele ya ekipe yake, halafu nikamuuliza namna alivyolipata. Majibu yake ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Yeye ni wa upande wa Kasongo, mu Maniema. Fasi ile Waislamu wako wengi tangu zamani, tangu wakati wa wachuuzi wa Waarabu na Waswahili katika miaka ya 1800. Kwao neno kadhi si geni, nyanya yake analisemaka. Basi siku moja alifungua diksionere ku herufi Q. Kwa nini Q? Akaniambia: «Yaya, A iko na kurasa mingi, S ndiyo inashinda zote. Q iko na kurasa kidogo tu. Nikawaza, hii ninaweza kuimaliza.» Akasoma mustari kwa mustari, na kumbe akakuta QADI. Akaona ni kadhi wa nyanya yake, amevaa nguo ya Kiingereza.

Akaendelea kutafuta, na leo kaye yake iko na ukurasa muzima wa maneno haya. Amenipa ruhusa niyatangaze. FAQIR, ni fakiri wetu. TALAQ, ni talaka. NIQAB, ni ile nguo ya kufunika uso. SUQ, ni soko! Yote yana Q, na hakuna U nyuma yake. Kiingereza kiliyakamata kwa Kiarabu, na Kiswahili vilevile kiliyakamata kwa Kiarabu. Ni watoto wa tumbo moja waliolelewa mu nyumba mbili. Muzungu mwanafunzi wa Kiingereza anayaogopa. Sisi tunayasema kila siku, ila hatukujua kama tuko nayo.

Kisha kumusikia, na mimi nikaanza kutafuta. Wandugu, Kiingereza kimebeba vitu vyetu mingi. SAFARI, BWANA, ASKARI, PANGA, UHURU, UGALI: yote yako mu orodha ya maneno yanayokubaliwa ku mashindano makubwa ya dunia. OKAPI pia, jina lililotoka mu luga za watu wa pori la inchi yetu. Kiingereza kililijua mu 1901 tu, na munyama yule haishi porini mu inchi ingine, ni mu Kongo peke yake. Mu Scrabble ya Kiingereza OKAPI iko na bei 11. Mu Scrabble ya Kifaransa bei yake ni 16, kwa sababu K kwa Kifaransa ni ya shida, inapewa 10 pahali pa 5. Hata W, ambayo Waingereza wanaipa 4, Wafaransa wanaipa 10. Hapa munaona luga moja na ingine hazina herufi za utajiri mumoja.

Na wazee wetu watacheka: ZAIRE inakubaliwa. Siyo jina la inchi, maana majina ya inchi na ya watu yanakatazwa. Ni jina la feza yetu ya zamani, iliyoanza mu 1967, mpaka franka ikachukua nafasi yake mu 1998. Bei yake 14. Na MAKUTA iko pia. Feza ile haiuzi kitu leo, lakini ku meza yetu ingali na bei.

Sasa niseme kidogo namna ya kutafuta neno, juu wengi wanasema wanakimbilia telefone kwa sababu «maneno haiji».

Haiji kwa sababu tunatafuta Kiingereza kwa sikio la Kiswahili. Kwa Kiswahili karibu kila neno linaishia na A, E, I, O ao U. Angalia wadogo wakicheza ule mchezo wa kunyonga mutu ku tablo: kila mara wanaanza kuuliza A, na wanatafuta A ku mwisho wa neno. Wananyongwa upesi. Kwa Kiingereza uliza E kwanza, kisha T. Samuel Morse na wenzake walijua vile: mu alama zao za telegrafu, E ni nukta moja tu, T ni mustari mumoja tu, ili herufi zinazorudi mara mingi zisichokeshe mukono.

Ukiwa na vipande vyako saba, usiviangalie vyote kama lundo la mawe. Tenga mikia kwanza: ING, ED, ER, LY. Ukiwa na I, N na G, ziweke upande wa kuume, halafu tafuta kichwa. Tenga tena herufi zinazopendana: T na H, S na H, C na K, P na H. Ukiwa na V, usiitafutie fasi ku mwisho, maana Kiingereza kinapenda kuifunga na E: LOVE, GIVE, HAVE, LIVE. Ukikosa A, E, I, O, U zote, usilie, angalia kama una Y. Watu wa kwaya wanaimba HYMN kila juma. Je, waliona siku moja kama ndani yake hakuna hata moja ya zile tano? MYTH, GYM, SKY, DRY, RHYTHM, ni vilevile.

Hii ni kazi ya kichwa. Inakamata muda. Lakini neno ulilolitafuta hivi halikutoki tena.

Najua majibu ya wenzangu wa finalisti, maana tulibishana siku tatu. Nitayaandika bila kuyapunguza nguvu.

Wanasema: «Telefone na diksionere ni kitu kimoja. Vyote vinakupa maneno.» Hapana. Mu diksionere huwezi kufika bila kuleta kitu wewe mwenyewe: lazima ukuwe na wazo la neno, ao uvumilivu wa kusoma ukurasa. Na ukifika, diksionere inakupa neno pamoja na maana yake, hata kama hukuiomba. Ile programu haikuombi kitu isipokuwa herufi, na rafiki yangu alikamata neno bila maana, sawa vile mutu anavyokamata barua ya mwenzake na hawezi kuifungua.

Wanasema tena: «Mabingwa wa dunia wenyewe hawajui maana.» Hapa wako na haki, na ninaikubali. Kuna mutu wa New Zealand, Nigel Richards. Mu 2015 alikwenda Ubelgiji, ku muji wa Louvain-la-Neuve, akashinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na yeye hasemi Kifaransa. Alisoma orodha ya maneno kwa muda wa karibu juma tisa, akayaweka mu kichwa. Mutu aliyeshindwa naye ku mwisho alikuwa Mwafrika wa Gabon, inchi inayosema Kifaransa! Mu 2018 akashinda tena.

Lakini mutazame vizuri. Mutu yule hakuwa na telefone chini ya meza. Juma tisa za kazi zilikuwa mu kichwa chake. Na mwaka ule ule wa 2015, ku Perth mu Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Wanigeria walijulikana kwa kupenda maneno mafupi, ya herufi tano hivi, pahali pa kufukuza marefu sikuzote. Ile pia haitoki mu programu. Ni watu waliokaa, wakahesabu, wakajizoeza pamoja.

Tena, Richards anatafuta pointi, ni kazi yake. Sisi tunatafuta nini? Mwalimu wetu wa Kiingereza hakuleta mchezo huu ili tupate mabingwa. Aliuleta kwa sababu mu kalasi ya watu wengi kila mutu anapata kufungua kinywa mara moja kwa juma, ao hata moja hapana. Kiingereza kitatungojea ku egzame ya mwisho. Kitatungojea pia nje: tangu 2022 inchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na mutu anayevuka mupaka kwenda Uganda kununua bidhaa anakuta karatasi za Kiingereza. Siku ile hakuna mutu atakayemuuliza herufi zake zina bei gani. Watamuuliza: umeelewa ulichotia sahihi?

Basi ninaleta mapendekezo manne, na mwalimu wa Kiingereza amekwisha kuyasoma.

Moja: diksionere kubwa itoke ku bibliotheke siku ya posho na ikae ku meza tangu mwanzo. Neno likiletewa mashaka, kitabu kisema kwanza, kapita baadaye.

Mbili: mutu anayeweka neno aseme maana yake, kwa Kiswahili ao kwa Kifaransa, hata kwa maneno matatu. Akishindwa, anaondoa vipande, lakini zamu yake haipotei, juu si dhambi kutokujua.

Tatu: telefone isionekane mu nyumba ya kula. Sheria hii iko tangu zamani. Ilikosa mulinzi tu.

Ine: kila siku ya kwanza, kila kalasi ibandike ku ukuta maneno matano mapya iliyoyapata, pamoja na maana. Ninaomba kalasi ya pili ianze, na ianze na Q.

Kuhusu mchezo ule: tulihesabu tena, na ekipe ya finalisti imekubali. Si wote kwa furaha, niseme kweli. Kaye sita zimekwenda kwa wadogo. Kuhusu telefone: nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Prefe, nikamwelezea niliyoyaona na namna nilivyonyamaza. Rafiki yangu nilimujulisha mbele ya kwenda, asisikie kwa mutu mwingine. Yeye amepata azabu yake, na mimi nimepata yangu: juma mbili za kufagia ile nyumba ya kula. Wale wanaoniona na ufagio asubuhi na kuuliza kapita amefanya nini, sasa munajua.

Rafiki yangu hakunisemesha siku nne. Siku ya tano akanikuta pale ninafagia, akasimama ku mulango, akauliza: «ZAX, umesema ni chombo cha nini?» Nikamwelezea. Akasema kwao baba yake anafunika nyumba na mabati, hawana mawe ya namna ile, lakini atalikumbuka. Halafu akakamata ufagio wa pili.

Wadogo, siku ingine kapita akiwaambia «ondoa», na ninyi munajua kama munajua, mumuombe afungue kitabu. Mumuombe kwa heshima, lakini mumuombe.

Anayetaka kunijibu, gazeti letu liko wazi.

Ni mimi, kapita wenu wa internati, finalisti.